Jinsi ya Kujifanya Mjuzi wa Mambo kwa Usiku Mmoja

Siku hiyo itafika tu. Utakuwa umealikwa kwenye usiku wa salsa, iwe Masaki, Westlands au London, na mtu aliyevaa viatu vya kung'aa atakugeukia mezani akuulize: "Wewe si unazungumza Kiswahili? Hebu tuambie, mambo maana yake nini?" Hakusalimii. Anaulizia dansi, ile ya Cuba yenye tarumbeta na viuno. Meza nzima itanyamaza ikikusubiri.

Usitoke jasho. Najua hujasoma chochote. Najua pia hutaki kusema "sijui", maana hakuna binadamu apendaye kulisema hilo mbele ya watu waliopendeza. Sogea karibu nikupe desa. Ni fupi, linabebeka kichwani, na yaliyomo yote ni ya kweli, kwa hiyo hata ukibanwa hutaumbuka.

1. Jizuie kusema "ni letu"

Jibu la kwanza litakalokujia mdomoni ni kwamba mambo ni Kiswahili na dunia nzima imetuibia. Limeze. Ni tamu, litapigiwa makofi, na dakika tano baadaye Mkongo mmoja wa meza ya jirani atasimama akuvue nguo hadharani.

Badala yake sema polepole, ukiwa na glasi mkononi: "Si Kiswahili, ila ni ndugu yake." Kisha nyamaza kidogo. Ukimya huo ndio utakaokupa sura ya profesa.

Wakiomba ufafanuzi, wape. Kikongo, lugha ya watu wa pande za mdomo wa mto Kongo na kaskazini mwa Angola, kina neno diambu, yaani neno au shauri. Wingi wake ni mambu. Sisi tuna jambo na mambo. Kilingala kina likambo na makambo. Mnyarwanda anasema ijambo na amagambo. Muganda anasema ekigambo na ebigambo, na kusema kwake ni okugamba. Hata sisi kipande cha kitenzi hicho tumebaki nacho ndani ya kuambia. Lugha hizi ni watoto wa baba wakubwa na baba wadogo: babu yao ni mmoja, na hakuna aliyemzaa mwenzake.

Hapo una faida ambayo Mjerumani yeyote aliyeketi mezani hana. Yeye lazima afafanuliwe vipi neno moja linabeba maneno, shughuli, matatizo, siri na raha kwa pamoja. Wewe umelelewa nalo. Umesikia mambo ya watu, mambo yameiva, mambo bado, mambo ya ndani. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kwa Wacuba wa asili ya Kongo mambo yalikuwa mazungumzo na pia wimbo, hasa wimbo wa ibada, hutashangaa. Tikisa kichwa kama mtu aliyejua siku zote.

2. Weka glasi chini

Sehemu hii usiipitie mbio, wala usiipambe.

Watu waliolipeleka neno Cuba hawakuwa watalii. Walitekwa bara, wakasukumwa hadi pwani, wakapakiwa melini kwenye bandari kama Loango, Cabinda na Luanda, wakaishia kukata miwa. Hispania ilitia saini mkataba na Uingereza mwaka 1817 kwamba biashara hiyo ikome ifikapo 1820, lakini meli ziliendelea kushusha watu Cuba kwa siri hadi miaka ya 1860. Utumwa wenyewe ulifutwa mwaka 1886. Kwa maneno mengine, mwanzoni mwa karne ya 20 ungeweza kukaa kibarazani huko Matanzas ukasikia mzee anazungumza Kikongo alichozaliwa nacho, wala si cha kurithi.

Wacuba waliwaita watu hao Congo, bila kujali walitoka kijiji gani. Mijini walikuwa na vyama vyao, vilivyoitwa cabildo, ambamo waliruhusiwa kupiga ngoma zao siku za sikukuu, kuzikana na kusaidiana. Dini yao iliyobaki hadi leo ni Palo, na tawi lake moja, Mayombe, limebeba jina la msitu ulio nyuma ya pwani ya Kongo. Ndani ya Palo nyimbo za ibada huitwa mambo. Mtaalamu Lydia Cabrera alizungumza na wazee hao kwa miaka mingi na kuyaandika maneno yao. Kitabu chake kikuu, El Monte, kilitoka Havana mwaka 1954, na baadaye akachapisha msamiati mzima wa Kikongo cha Cuba. Taja jina lake mara moja tu, kisha endelea. Anayetaja kitabu mara moja hudhaniwa amekisoma.

Atakayekuuliza kama watu wa pwani yetu hawakufika Cuba, mjibu kwamba Wamakua walifika kutoka Msumbiji, na Cuba waliitwa Macuá. Ila neno hili halikupita kwao.

3. Kariri majina matatu, usichague mshindi

Atatokea mtu aulize nani aligundua mambo. Ni mtego. Wacuba wamegombana juu ya swali hilo tangu kabla hujazaliwa, na ukichagua upande umejitafutia adui usiku wote. Gawa tuzo mafungu matatu, kila mtu aondoke na lake.

Fungu la kwanza: Orestes López, mpiga selo na piano wa bendi ya Antonio Arcaño mjini Havana. Mwaka 1938 alitunga danzón akaipa jina "Mambo". Danzón ni dansi ya kiungwana ya Cuba, ya filimbi na vinanda vya nyuzi, iliyozaliwa Matanzas mwaka 1879 mikononi mwa Miguel Faílde. Alichofanya Orestes, pamoja na mdogo wake Israel aliyejulikana kama Cachao, ni kuifungua sehemu ya mwisho ya wimbo: besi inaanza kurukaruka, kipande kifupi kinarudiwarudiwa, na wachezaji wanaachiwa uwanja wajimwage. Wewe uliyekulia kwenye dansi unaielewa sehemu hiyo bila mkalimani. Sebene nalo hufanya kazi hiyohiyo: maneno yanapungua na miguu inachukua zamu.

Fungu la pili: Arsenio Rodríguez. Huyu ana hatua yake peke yake, subiri.

Fungu la tatu: Dámaso Pérez Prado, mpiga piano wa Matanzas aliyehamia Mexico mwishoni mwa miaka ya 1940. Aliondoa vinanda vya kiungwana, akajaza tarumbeta na saksafoni, akasimama mbele ya bendi akiguna kwa sauti kubwa katikati ya muziki. Mwaka 1949 akarekodi "Qué rico el mambo" na "Mambo No. 5", na dunia ikapagawa. Watu walimtania kwamba ana sura ya sili. Hilo litunze kwa saa ambayo meza imepoa.

Sema basi: López aliupa wimbo jina, Arsenio alikumbuka neno lilikotoka, Prado aliliuza. Sentensi moja, watu watatu, na hakuna atakayekurushia kiatu.

4. Arsenio, ambaye usimharakishe

Kama una nafasi ya kukariri mtu mmoja tu, kariri huyu.

Alizaliwa mkoa wa Matanzas mwaka 1911, miaka 25 tu baada ya utumwa kufutwa. Alipofuka utotoni baada ya kupigwa teke na mnyama. Akajifunza tres, gitaa dogo la Cuba lenye jozi tatu za nyuzi, hadi watu wakamwita kipofu wa ajabu. Nyumbani kwao waliongea habari za Kongo kama watu waongeavyo habari za kwao, na yeye aliona fahari kusema kwamba damu yake ni ya huko.

Mwaka 1937 wimbo wake "Bruca maniguá" ulirekodiwa na orchestra ya Casino de la Playa, mwimbaji akiwa Miguelito Valdés. Ni malalamiko ya mtumwa, kwa Kihispania kilichochanganywa na maneno ya Kiafrika. Mwalike rafiki yako wa Kinshasa ausikilize. Katikati ya Kihispania atalikuta neno mundele na atageuka kukutazama, maana kwao hadi leo mundele ni mzungu. Neno lilivuka bahari, likakaa mashambani kwa vizazi, likaingia kwenye santuri, na maana yake ikabaki ileile.

Halafu kuna bendi. Hadi miaka ya 1930 makundi ya muziki wa son wa Cuba yalikuwa madogo: magitaa, bongo, tarumbeta moja. Arsenio aliongeza tarumbeta, akaingiza piano na, kikubwa zaidi, akaiketisha jukwaani tumbadora, ngoma ndefu ya mkono iliyokuwa ikidharauliwa kuwa ya mitaani na ya watu weusi. Mwisho wa nyimbo zake aliweka sehemu kali ya tarumbeta aliyoiita diablo, na alishikilia kwamba mambo yametoka humo, na kwamba mzizi wake ni malumbano ya nyimbo ya wazee wa Kikongo, ambamo mwimbaji humtaka mwenzake afungue sikio asikie mambo yake.

Mimi nipo upande wake kuhusu neno. Alikuwa wa kwanza kati ya wanamuziki hawa watatu kusema waziwazi kwamba dansi inayochezwa hotelini ina maneno ya watu waliokata miwa, na alilisema wakati kusema hivyo hakukumwongezea mtu heshima wala pesa. Alifariki Los Angeles mwishoni mwa Desemba 1970 bila utajiri, wakati muziki alioujenga unakaribia kuuzwa dunia nzima kwa jina jipya la salsa.

5. Wapeleke New York kwa sentensi tatu

Si zaidi. Ukumbi uliitwa Palladium, kona ya Broadway na mtaa wa 53. Bendi zilikuwa za Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez, na kwenye sakafu yake Wapuerto Rico, Wamarekani weusi, Waitaliano na Wayahudi walicheza pamoja wakati sehemu kubwa ya Marekani haikuruhusu hilo. Ulifungwa mwaka 1966.

Ukipewa nafasi ya sentensi ya nne, mtaje Enrique Jorrín, aliyeipunguza kasi dansi ya akina López ili watu wa kawaida waweze kuifuata, tukapata cha-cha-chá mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kutoka hapo ni hatua moja hadi "Indépendance Cha Cha" ya Joseph Kabasele na African Jazz, mwaka 1960.

6. Mitego ya barabarani

Atakuja mtu akwambie mambo ni kuhani wa kike wa Haiti. Ni kweli kwamba katika vodou kuhani wa kike huitwa manbo, lakini hadithi inayozunguka, ya kuhani aliyetuma watu wacheze hadi wapandishe mashetani kisha dansi ikazaliwa, iache ipite. Usibishane. Uliza tu, "Na Orestes López tunamweka wapi?" halafu unywe.

Mzimbabwe naye atakwambia mambo ni mfalme. Kwa Kishona, ndiyo. Mpongeze. Halihusiani na Cuba.

Kisha zipo nyimbo za Marekani za mwaka 1954 zilizobandikwa neno mambo kwenye jina kwa sababu lilikuwa linauza, kama "Mambo Italiano" na "Papa Loves Mambo". Zifurahie. Usizitolee ushahidi.

Mtego wa mwisho unaweza kuugeuza zawadi. Mtu atacheka aseme, "Mimi naijua moja tu, ile ya Lou Bega." Usimdharau. Mwambie "Mambo No. 5" ya mwaka 1999 imejengwa juu ya muziki wa Pérez Prado wa mwaka 1949, na kwamba Lou Bega alizaliwa München, mama Msisilia, baba Mganda, na jina lake halisi ni David Lubega. Litenganishe jina hilo taratibu ili walisikie: Lu-bega. Kama kuna mtu wa Kampala ukumbini, ameshakuwa wako hadi asubuhi. Mkumbushe na ebigambo.

7. Watakapokuvuta ukacheze

Watakuvuta tu. Mtu aliyezungumza hivi hawezi kuachwa kwenye kiti.

Hesabu ya mambo ina siri inayowafaa wasiojua: kwenye moja, husogei. Moja unasimama. Mbili, mguu wa kushoto mbele. Tatu, uzito unarudi mguu wa kulia. Nne, kushoto kunarudi kando ya kulia. Moja tena, unasimama. Kisha unaanza na kulia, kwenda nyuma. Mwenzako anafanya kinyume chako. Umemaliza kozi.

Ukipotea, simama kama uliyekuwa ukingoja moja. Tazama bendi, tikisa bega, piga makofi kufuata kengele. Wachezaji hodari nao husimama kusikiliza, kwa hiyo wewe utaonekana unasikiliza. Usihesabu kwa midomo. Usitazame miguu yako, hakuna kilichoandikwa huko. Nawe kiuno kiache kijiendee chenyewe. Goti likikunjika vizuri kiuno hufuata, na wanaokilazimisha huumia.

Ukirudi mezani, funga na tumba. Waulize kama wanajua ngoma za mkono kwenye bendi za dansi za Dar es Salaam zinaitwaje. Tumba. Na mpigaji ni mpiga tumba. Ni tumbadora ileile ya Arsenio. Santuri za Cuba ziliuzwa Afrika katika mfululizo wa GV wa His Master's Voice kuanzia 1933, na namba moja ilikuwa "El Manisero", wimbo wa muuza karanga. Huko Morogoro, Salum Abdallah aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Waliouziwa santuri hizo walizipenda upesi, na wa Kinshasa na Brazzaville walikuwa na haki ya kuzipenda upesi zaidi, kwa kuwa mdundo ule ulikuwa na jasho la mababu zao.

8. Akitokea mjuzi wa kweli

Kila ukumbi una mmoja. Utamjua kwa kitambaa cha jasho na viatu alivyokuja navyo kwenye mfuko. Ameenda Havana. Ameenda New York. Ameanza kukukazia macho tangu ulipomtaja Faílde.

Usimkimbie. Mgeukie mbele ya wote, kwa heshima, umuulize: "Kaka, wewe unavunja kwenye moja au kwenye mbili?" Kuvunja ni pale mguu unapokwenda mbele au nyuma kugeuza mwendo. Wachezaji wengi wa salsa huvunja kwenye moja. Wafuasi wa Palladium huvunja kwenye mbili na huona wengine wamepotea. Kwao suala hili ni zito kuliko uchaguzi mkuu. Ataanza kueleza, mwingine atampinga kutoka meza ya tatu, watainuka kuoneshana, na wewe utakuwa umepata nusu saa ya kula kwa amani. Sikiliza lakini, maana anajua, na usiku ujao utahitaji desa refu zaidi.

Ukilewa sifa usiku ule na yote yakakutoka kichwani, hesabu isahau, miaka isahau, hata Pérez Prado msahau. Santuri zake zitamsemea. Ila meza isiinuke kabla hujawaambia kwamba neno ni la Kikongo, na kwamba waliolifikisha Cuba walilibeba wakiwa wamefungwa minyororo.